Mtaro Nilioahidi Obunga

Mtaro uliobomoa ukuta wa jiko la mama mmoja pale Obunga, upande wa kushuka kuelekea mto Kisat, ulichimbwa kwa ushauri wangu. Waliouchimba ni wakazi wenyewe, kwa majembe na sururu zao, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa sababu niliwaambia kuwa pesa za kuujengea kwa mawe na saruji zingetoka kwa wanaojenga maghorofa juu yao. Niliyasema hayo mbele ya watu, karatasi za hesabu zikiwa mkononi, wakaniamini. Pesa hizo hazikuja. Ninaloungama hapa ni kwamba zisingeweza kuja, kwa jinsi mimi mwenyewe nilivyozipangia njia.

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Mtu akitaka kujenga, mimi humwambia saruji ni mifuko mingapi, nondo ni tani ngapi, na jumla itafika wapi. Ni kazi inayomzoesha mtu kuaminiwa. Ukitaja tarakimu mbele ya watu wasio na njia ya kuihakiki, inageuka ahadi, utake usitake. Sikuliwazia hilo chama cha wakazi kiliponiomba niwaandikie maoni yao juu ya Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaoletwa kila mwaka kupanga ada na tozo, na ambao wananchi huitwa kuutolea maoni kabla bunge la kaunti halijaupitisha. Niliona ni nafasi ya kutumia ujuzi wangu kwa watu ninaowapenda. Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo sababu kosa lenyewe linaniuma hivi.

Obunga inajulikana Kisumu nzima kwa mgongo wazi. Viwanda vya samaki huchuna minofu ya mbuta na kuisafirisha ng'ambo; kinachobaki, kichwa na uti wa mgongo wenye nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa, hununuliwa na akina mama, hukaangwa kwenye makarai makubwa ya mafuta hadi kikauke, kisha huuzwa kwa watu ambao minofu hawaifikii bei. Mama ninayemtaja ni mmoja wa hao wakaangaji. Jiko lake ni la udongo, limejengwa kwenye kibanda cha kuta za matope na paa la mabati mawili yaliyopigwa na moshi mpaka yakawa meusi. Akipanga migongo kwenye karai huipanga kwa duara, ili mafuta yafikie vichwa vinavyochelewa kuiva. Amesomesha watoto kwa karai hilo. Hapo ndipo mtaro wangu ulipopita.

Kwa nini mtaro upite jikoni kwa mtu? Jibu liko kwenye historia ya mji. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, mji uliopangwa ulikuwa wa Wazungu na Wahindi. Mwafrika alikaa nje ya mpaka. Mipaka ya manispaa ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ardhi ya ukoo iliyoizunguka iliingizwa mjini na watu wake wakiwa juu yake. Ndipo ukaota ule ukanda wa makazi unaouzunguka mji: Bandani, Obunga, Manyatta, Nyalenda. Ploti ziligawanywa baba kwa mwana, kisha zikauzwa vipande, na hakuna aliyetenga nafasi ya barabara wala ya maji. Obunga nayo iko chini. Mvua za masika zikinyesha, maji hushuka kutoka vilima vya Riat na upande wa Kanyakwar, hupita katikati ya nyumba yakitafuta Kisat, na Kisat huyamwaga katika Ghuba ya Winam. Zamani huko juu kulikuwa na nyasi na mashamba, na sehemu ya mvua ilizama ardhini. Sasa kuna maghorofa ya kupangisha, magodauni, na nyua zilizotandikwa kabro ukuta hadi ukuta. Mvua ni ileile. Kilichobadilika ni wingi wa maji yanayofika chini, na kasi yake.

Kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na bado nalishikilia: anayejenga na kuongeza mzigo kwenye barabara, mabomba na mitaro ya mji, achangie gharama ya kuubeba mzigo huo. Miji mingi ya Marekani hutoza ada ya namna hiyo, Uingereza imekuwa na tozo yake ya miundombinu tangu 2010, na Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 2024 kuzipa manispaa zake msingi mmoja wa kutoza. Kwetu pia mlango uko wazi. Katiba ya 2010, ibara ya 209, inaruhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Ibara ya 210 inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa bila sheria. Na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti ruhusa ya kumtoza ada ya maendeleo anayeomba kibali cha kujenga. Maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo. Vipande vyote vilikuwepo. Nilikosea katika kuviunganisha.

Nilianza na mfuko. Nilijiuliza ni kiasi gani kinaweza kukusanywa, nikashika njia rahisi niliyoizoea: asilimia moja ya gharama ya ujenzi, kwa kila kibali, kaunti nzima. Kazi yangu ni gharama, basi gharama ndiyo iliyonijia kwanza. Ninaweza kuikadiria nikiwa nimefumba macho. Mhasibu anaielewa, karani wa kaunta anaielewa, na ukiizidisha kwa idadi ya vibali unapata jumla nene inayofurahisha kikao. Nikaipa jina, ada ya miundombinu, nikaandika kurasa za kuitetea.

Maji lakini hayajui gharama. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mtu anajenga godauni la vyuma na mabati, mita za mraba 1,000, kwa shilingi 15,000 kila mita: jumla milioni 15. Mwingine anajenga nyumba ya orofa mbili inayokalia mita 200 za ardhi, ndani ikiwa na mita 400 za sakafu zenye vigae na mbao ghali, kwa shilingi 50,000 kila mita: jumla milioni 20. Kwa asilimia yangu, mwenye nyumba analipa shilingi 200,000 na mwenye godauni 150,000. Sasa inyeshe milimita 40, mvua ambayo kwa anayekaa karibu na ziwa hili si ajabu. Paa la nyumba linamwaga lita 8,000. Paa la godauni linamwaga lita 40,000, kabla hujahesabu uwanja wa kabro ambamo malori hugeuzia. Anayemwaga maji mara tano analipa pungufu. Nilikuwa nimetoza vigae nikaacha maji yapite bure, na hesabu hiyo ya darasa la saba sikuifanya mpaka ukuta ulipoanguka.

Jambo jingine nililijua vizuri zaidi ya wote waliokuwa kwenye kikao, na nikalinyamazia. Gharama ya ujenzi inayoandikwa kwenye fomu huandikwa na anayeomba kibali. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba tarakimu ya kwenye fomu na tarakimu ya kwenye mkataba wa fundi si lazima zifanane. Ukifanya gharama kuwa msingi wa ada, unampunguzia aliyeongopa na kumtwika mkweli. Ukubwa wa paa hauongopeki hivyo. Mtu anaweza kusimama barabarani na kuupima, au kuutazama kwenye picha ya setilaiti. Na ndani ya Obunga kwenyewe, ni nani huenda kuomba kibali? Ni yule mwenye karatasi za ploti zilizonyooka anayetaka kuongeza vyumba viwili vitatu vya kupangisha. Ada yangu ingemkuta huyo kaunta na kumwomba asilimia ileile ya mwenye godauni. Baadhi wangelipa kwa shida, wengine wangeacha kabisa kuomba kibali, wajenge usiku.

Siku nilipowasomea wakazi rasimu, yule mama alinyoosha mkono. Ni mtu mzima, tunamwita Dani, yaani nyanya kwa Dholuo. Aliniuliza, "Wuoda, mwanangu, hizo pesa zitajuaje njia ya kuja hapa?" Watu walicheka kidogo, nami nikatabasamu kama mwalimu. Nikamjibu, "Dani, sheria itazileta." Akaitikia kwa heshima na kukaa.

Lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na sikulijibu. Ibara ya 207 ya Katiba inataka pesa zote zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria ya Bunge imeruhusu zitengwe. Zikishaingia humo hazina jina. Shilingi ya ghorofa la Kanyakwar inachanganyika na shilingi ya soko na ya maegesho, kisha bajeti inazigawa: mishahara, dawa, mafuta ya magari, madeni ya wakandarasi. Hakuna wizi hapo wala uvunjaji wa sheria. Ndivyo bajeti inavyofanya kazi, na hospitali nayo ina haki yake. Lakini ada niliyoiandika haikutaja mtaro wowote, wala mtaa wowote, wala mwaka ambao kazi ingeanza. Pendekezo langu lingepitishwa neno kwa neno, pasiondolewe hata nukta, bado hakuna jiwe moja ambalo lingelazimika kuletwa Obunga. Kwa hiyo siwalaumu walioipokea karatasi yangu. Walipewa kitu kisichoweza kufanya kile nilichosema kingefanya.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu, akiidhinishiwa na kamati tendaji na bunge la kaunti. Nilikijua kifungu hicho. Nilikiacha kwa sababu nilikiona ni mambo ya wahasibu, ya kushughulikiwa baadaye. Niliandika kurasa nyingi juu ya asilimia na sikuandika sentensi moja juu ya akaunti. Ningeambiwa leo nichague kosa moja la kufuta katika yote, ningefuta hilo.

Halafu kuna kosa ambalo ni zito zaidi kulisema, kwa sababu halikuwa la ufundi. Niliwaambia watu wa Obunga kwamba mwenye ghorofa atawajengea mtaro wao. Atawajengea kwa haki gani? Mtu anayejenga leo anaweza kudaiwa maji anayoyaongeza leo. Hawezi kudaiwa kwamba Obunga haijawahi kuwa na mtaro tangu mpaka wa manispaa ulipoimeza, miaka mingi kabla hajanunua ploti yake. Deni hilo la zamani ni la jamii nzima, na linapaswa kulipwa kwa kodi ya ardhi, kwa mgao wa kaunti kutoka serikali kuu, kwa miradi kama ule wa KISIP wa kuboresha makazi ulioanza 2011 kwa msaada wa Benki ya Dunia. Niliyachanganya madeni mawili nikayafanya moja, kwa sababu deni moja lenye mdaiwa mmoja tajiri lilikuwa tamu kulitangaza. Watu walipiga makofi. Nilipaswa kuogopa makofi yale.

Nchini Marekani mstari huo kati ya mzigo mpya na upungufu wa zamani umepiganiwa mahakamani, na kesi moja nilipoisoma, nikiwa nimechelewa, niliona aibu. Florence Dolan alikuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme katika mji wa Tigard, jimbo la Oregon. Alitaka kulipanua na kusakafia eneo la kuegesha magari. Mji ukamwambia atapata kibali kwa sharti la kuachia sehemu ya ardhi yake kando ya kijito cha Fanno Creek, kwa ajili ya maji ya mvua na njia ya miguu na baiskeli. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba sakafu mpya ingeongeza maji kijitoni. Hata hivyo ilikataa masharti yale, kwa kuwa mji haukuonyesha kwamba unachokidai kinalingana, kwa ukubwa na kwa aina, na mzigo anaouleta Dolan. Miaka 30 baadaye, mwaka 2024, mahakama hiyohiyo iliamua katika kesi ya George Sheetz, aliyetozwa dola 23,420 za barabara kwa nyumba moja ya kutengenezwa kiwandani, kwamba hata ada iliyopangwa na baraza la kuchaguliwa haiepuki kipimo hicho.

Sasa fikiria nilichofanya mimi. Dolan alikuwa ndiye anayeongeza maji, na bado mahakama ilimkinga asichukuliwe ardhi pasipo hesabu. Watu wa Obunga hawakuongeza maji, waliyapokea. Nami niliwaendea kuwaomba ukanda wa ardhi, upana wa hatua moja hivi kwa kila ploti, wautoe bure ili tuwe na njia ya mtaro. Nilisema tukionyesha utayari, pesa zitatufuata. Niliwatolea mfano wa Hanna Nassif, Dar es Salaam, ambako katika miaka ya 1990 wakazi walishiriki kujenga mitaro ya mtaa wao na mafuriko yakapungua. Sikuwaeleza kwamba kule wahisani, wahandisi na Shirika la Kazi Duniani walikuwa wameshakaa mezani kabla ya jembe kupigwa. Walitoa ardhi. Wengine walibomoa choo cha shimo wakakihamishia nyuma. Dani alisogeza jiko lake ndani, akauachia mtaro mahali alipokuwa akikaanga.

Walichimba vizuri. Upande wa juu mtaro ulikuwa mnyoofu, umefika kiunoni, udongo umetandazwa pande zote mbili. Ulipofika chini ya jiko la Dani ukasimama, kwa sababu mwenye ploti inayofuata alikataa kutoa ukanda wake, akasema hatoi mpaka aone saruji. Nilimwona mkaidi. Alikuwa ndiye mtu pekee aliyesoma pendekezo langu sawasawa.

Mtaro wa udongo mtupu, wenye mteremko na usio na mwisho, ni hatari kuliko kutokuwa na mtaro. Kabla yake maji yalikuwa yakitawanyika, yanaingia nyumba nyingi kwa kina cha kifundo cha mguu. Tulipochimba tuliyakusanya yote mahali pamoja na kuyapa mbio. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilishuka usiku. Maji yalifika pale mtaro ulipokomea, yakazunguka, yakala udongo chini ya ukuta wa jiko, na ukuta ukalala ndani ya mtaro pamoja na mabati na karai. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Asubuhi nilipofika, Dani alikuwa akichota tope ndani ya karai kwa mkono. Mafuta yote yalikuwa yamekwenda Kisat. Nilimwambia, "Dani, kosa ni langu." Alinitazama akasema, "Najua. Sasa nitakaanga wapi leo?" Nilinunua mabati na mbao, vijana wakamjengea upya akiwa ameshapoteza mauzo ya siku kadhaa. Siyataji mabati yale kama malipo. Ninayataja kwa sababu ni sehemu ya gharama, na katika hesabu yangu ya mwanzo hapakuwa na mstari wa gharama kama hiyo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye karatasi, safari hii nikianzia chini, palipoanguka ukuta, nikapanda kufuata maji. Mtu akitaka ada ya haki, huko ndiko pa kuanzia. Kwanza ujue mtaro gani, unaanzia wapi na unaishia wapi, na mapaa gani yanaumwagia. Eneo hilo halifuati mpaka wa wadi. Maji yanavuka wadi bila kuuliza mwakilishi ni nani, na kwa hiyo ada inayotozwa juu, katika wadi nyingine, ndiyo inayopaswa kujenga chini. Hili mwakilishi wa wadi ya juu hatalipenda, na si siri. Atauliza kwa nini pesa za watu wake ziteremke. Jibu ni kwamba zinafuata maji ya watu wake.

Kisha inafuata hesabu, na nitaendelea na mfano wa kufikirika ili ieleweke. Mtaro mzima, wa mawe, pamoja na kalvati na njia ya kutokea mtoni, tuseme unagharimu milioni 30. Wahandisi wapime: maji yanayopita sasa yanahitaji nusu ya ukubwa wake, na nusu nyingine inahitajika kwa majengo yatakayoongezeka. Nusu ya kwanza, milioni 15, ni lile deni la zamani. Itafutwe kwenye bajeti na miradi, na iandikwe wazi kwamba ada haitaigusa. Nusu ya pili igawanywe kwa mita za mraba za mapaa na sakafu ngumu zinazotarajiwa huko juu na chini, tuseme 50,000. Inakuja shilingi 300 kwa mita. Godauni letu lenye paa la mita 1,000 na uwanja wa mita 500 linalipa 450,000. Nyumba ya vigae, 60,000. Mtu wa Obunga anayeongeza vyumba vya mita 40 analipa 12,000, tena apewe nafasi ya kulipa kwa awamu. Anayeweka matangi ya kuvuna maji ya paa, au shimo la kuyazamisha ardhini, apunguziwe, maana amepunguza mzigo. Na kwa mji ambao mabomba yake hukauka mara kwa mara, tangi ni faida mara mbili. Aliyejenga mwenyewe kipande cha mtaro wa umma akatiwe gharama yake. Maji taka yahesabiwe mbali, kwa idadi ya vyoo au wakazi, kwa kuwa ghorofa nne chini ya paa moja humwaga mvua ileile ya nyumba ya chini lakini huleta kinyesi mara nne.

Akaunti iwe ya peke yake, chini ya kifungu kile nilichokiruka, na taarifa yake ibandikwe mahali watu wanapoweza kuisoma, ikitaja nani amelipa, kiasi gani, na kazi imefikia wapi. Na uwepo muda. California ina sheria inayozitaka serikali za mitaa, kila baada ya miaka mitano, zieleze kwa nini pesa za ada hazijatumika, na zikishindwa kueleza, pesa hizo zirudishwe. Kwetu sharti kama hilo lingemlinda mwenye godauni, na lingemlinda Dani zaidi, kwa kuwa mwenye godauni anayedai kurudishiwa pesa zake ana sauti inayosikika ofisini kuliko ya mkaanga samaki. Wawili hao wangekuwa wanataka kitu kimoja.

Sidai kwamba hesabu hii inatosha. Kama wanaojenga watakuja polepole kuliko tulivyokisia, mtaro utahitajika kabla pesa hazijatimia, na kaunti italazimika kutanguliza kisha ijirudishie. Ada ikiwa kubwa mno landilodi ataiongeza kwenye kodi ya mpangaji, na mpangaji huyo anaweza kuwa binti wa Obunga aliyepanda kwenda kupanga Kanyakwar. Hayo niliyaeleza kikaoni nilipoitisha wakazi tena. Niliwasomea pendekezo la zamani, nikawaonyesha mstari kwa mstari mahali ambapo pesa zingepotelea, na nikasema kwamba ahadi niliyoitoa sikuwa na mamlaka ya kuitoa. Mzee mmoja aliniambia nimewafanya wajinga mbele ya majirani zao. Sikuwa na la kujibu. Kijana mmoja alitaka tuudai mtaro kwa maandamano. Mwenye ploti aliyekataa tangu mwanzo aliuliza maswali ya akaunti mpaka jioni, na nimemwomba awe mmoja wa wanaoandika pendekezo jipya. Amekubali kwa sharti kwamba kila ukurasa usomwe kwa Kiswahili na Dholuo kabla ya sahihi yoyote.

Walioachia ukanda wa ardhi sasa wanagawanyika. Wengine wanataka kuufukia na kurudisha uzio, na wana haki, maana kilichofanya wautoe hakikuwa kweli. Wengine wanasema tukiufukia hatutaupata tena. Tumekubaliana kufukia sehemu ya chini, kutoka jikoni kwa Dani kupanda hadi mahali maji yanapoweza kuachwa yatawanyike kama zamani, na ya juu tuiache kwa idhini ya kila mwenye ploti, iliyoandikwa kwamba inaweza kuondolewa. Kazi ya kufukia inaanza kabla ya vuli, nami nitakuwa na koleo langu pamoja nao.